Rangi Saba za Bi Mashavu

Bi Mashavu ni mtu wa Makunduchi, lakini siku hizi anakaa kwa mwanawe hapa Mpendae, ukuta mmoja na mimi. Kiburi chake ni mikeka ya harusi. Anasuka kili saba, mikanda mirefu ya majani ya ukindu, kila ukili na rangi yake, kisha anaziunga, na upande wa kuanzia huutia pindo nene. Sharti lake: hakuna mabibi harusi wawili watakaolalia mpangilio mmoja wa rangi.

Basi kwenye harusi moja Mlandege, mama mmoja akauinamia mkeka akapiga kelele, "Ala! Huu si kama wangu?" Na kweli ulikuwa kama wake. Wee, Bi Mashavu alirudi nyumbani uso umemshuka. Akasema mipangilio ya rangi imekwisha, hasuki tena. Na mjukuu wake Nassra anaolewa mwezi wa Mfunguo Pili!

Mie nilikasirika, sikufichi.

"Mtoto umemlea mwenyewe," nikamwambia, "leo aingie kwake na mkeka wa plastiki?"

"Thuwaiba, nshasema. Mjukuu wangu simpi makombo ya mtu."

Nassra anasomesha hesabu. Hakulia wala hakubembeleza. Alikuja alasiri, akachukua vipande vitatu vya ukili, akaviweka sakafuni mbele ya bibi yake.

"Bibi, hivi vitatu naweza kuvipanga kwa njia ngapi?"

Wakavipanga pamoja. Chochote ukikitanguliza, viwili vilivyobaki vina njia mbili. Zikatoka sita. Nassra akaongeza cha nne: kila kimoja kati ya vinne kikitangulia, nyuma yake zinakuja zile sita. Ishirini na nne. Cha tano, mia na ishirini. Hapo mie nshakaa kitako, chai imepoa. Cha sita, mia saba na ishirini.

"Na saba?" Bi Mashavu akauliza kwa sauti ndogo.

"Mara saba tena. Elfu tano na arubaini."

"Subhanallah!"

Nassra akasema hesabu hiyo inaitwa faktoria, na ukiiandika unaweka alama ya mshangao baada ya namba. Wallahi nikaona hao watu wa hesabu wana haki ya kushangaa. Ukisuka mkeka mmoja kila mwezi, unahitaji miaka mia nne na ishirini kuzimaliza zote. Kwa rangi saba tu, hizi hizi tunazochemsha uani kwenye sufuria! 

"Sasa mbona nimerudia?"

"Unaanza na rangi gani, Bibi?"

"Nyekundu. Siku zote nyekundu. Mama yangu alianza nayo."

"Basi unapanga sita tu zilizobaki, na mikeka yako yote imo kwenye zile mia saba na ishirini. Nyingine hujazigusa."

Bi Mashavu machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. "Umri wote huu nimesimama mlangoni," akasema, "nnadhani nyumba nshaimaliza."

Kisha akauvuta ukili mweusi akauweka mbele. "Inayofuata chagua wewe," akamwambia Nassra. "Mkono wangu siuamini, umezoea ya zamani."

Nassra, aliyezihesabu zote, akazitazama sita zilizobaki. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena.

Bi Mashavu akacheka, mara ya kwanza tangu harusi ile. "Taratibu, mwanangu. Hata mie leo ndo nnaanza."