Utando wa Tatu

Siku hiyo jikoni tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wetu wa kike, na fundi wa mashine ya kuchuja maji. Wadogo zangu huniita Mama tangu wazazi walipotuacha, na fundi naye akaliokota jina.

Kisima chetu hapa Otonglo kina chumvi inayofanya maziwa yakatike kwenye chai, ndiyo maana tulinunua mashine. Ndani yake mna utando ulioviringwa kama mkeka. Maji husukumwa kupita, chumvi ikabaki. Tuliambiwa ungedumu miaka miwili. Wa kwanza ulikufa baada ya miezi mitano, wa pili minne. Mara zote nilimlaumu mdogo wangu kwa kuichokonoa mashine. Mara ya pili nilimwambia kama hawezi kutunza vitu vya watu, atafute kwake. Akahamia Kaloleni kwa rafiki. Utando wa tatu aliununua yeye, akauleta bila neno, nami nikaupokea kama haki yangu.

Sasa na huo umekufa. Nikamwita aje asikie mbele ya fundi.

"Haujaziba," fundi akasema. "Ungeziba, maji yangepungua. Haya yanakuja mengi, na chumvi yote. Umeliwa huu."

Nikamgeukia mdogo wangu.

"Usiniangalie mimi, Mama. Siku hizi nakula Kaloleni."

Fundi akateka maji ya tangi linalolisha mashine, akatumbukiza kijikaratasi chake cha kupimia. Kikageuka rangi ya waridi. "Nani anatia dawa ya maji humu?"

"Mama," akajibu kitindamimba. "Kila asubuhi. Kifuniko kimoja, halafu kingine cha kuongezea."

Ndiyo, natia. Mama yetu aliuawa na kipindupindu nikiwa darasa la saba, na sikurudi shule tena. Maji yasiyo na dawa hayajaingia nyumba hii tangu hapo. Nilimweleza fundi hivyo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Dawa si mbaya," akasema. "Lakini klorini yake huua utando. Kichujio cha makaa hapa mbele ndicho cha kuizuia. Ulikibadilisha lini?"

"Sijakibadilisha. Nilikitazama, bado ni cheusi."

"Makaa yatakuwa meupe lini, Mama?"

Walicheka wote watatu. Nilitamani kuwafukuza, lakini nyumba ilikuwa na mkosaji mmoja tu, na ndiye mwenye funguo.

Mdogo wangu aliomba spana, akafunga makaa mapya na utando wa nne aliokuja nao fundi. Nikamtengea chai. Akasema ana haraka, akaondoka kwa miguu.

Ndipo kitindamimba akaniambia: ili kununua ule wa tatu, kaka yake aliuza baiskeli ya kwendea kazini.

Fundi nilimwomba radhi papo hapo, kwa kumpotezea muda. Mdogo wangu bado.