Mwalimu wa Bungoma, therapist wa Kitale, na msichana wangu katikati

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi huwa msomaji tu, leo wacha na mimi niandike. Ninachosimulia kimetokea kwangu nyumbani, sijaongeza chumvi. Majina tu ndio nimebadilisha.

Mimi ni fundi, nachomelea mageti na madirisha hapa Bungoma town. Zamani tulikuwa tunaishi Kitale. Niko na msichana anaitwa Zuhura, yuko Gredi ya pili.

Zuhura haongei.

Siku ya kuzaliwa alichelewa kulia, na tangu hapo misuli ya mdomo na ulimi haimtii. Anasema "mma" na "ee", basi. Lakini akili na masikio viko sawa kabisa. Ukisema mamake anakaanga samaki, atafika jikoni kabla yako.

Tukiwa Kitale alianza kuonwa na speech therapist, yaani mtaalamu wa kusaidia watu wenye shida ya kuongea. Dada mmoja mpole, Chebet. Mimi humwita daktari, yeye hukataa kila mara, lakini nimeshazoea. Hata tulipohamia Bungoma tuliendelea kumpeleka Zuhura kwake.

Huku shuleni, class teacher wake ni Madam Nasimiyu. Mama wa sauti kubwa, na darasa lake limejaa mpaka watoto wanabanana kwa madawati.

Sasa shida ikaanzia hapo.

Chebet ananiambia, "Baba Zuhura, mwambie mwalimu asimlazimishe kutamka maneno mbele ya wenzake. Amuulize, halafu amngoje. Huyu anahitaji muda."

Nikirudi Bungoma nampa Madam ujumbe. Ananiangalia hivi, kisha anasema, "Nimngoje? Na hawa wengine nao? Huyo daktari wako ameshawahi kushika darasa?"

Hiyo ya mwisho sikuipeleka Kitale. Nilisema tu Madam anasalimia.

Chebet akamtengenezea Zuhura ubao mdogo wa picha, wa kadibodi, ameufunika plastiki. Akitaka kitu, anaonyesha kwa kidole. Nyumbani ulifanya kazi vizuri sana. Shuleni ulikuwa unalala tu kwa begi.

Muhula ukielekea kuisha, mwalimu mkuu akaniita. Si mtu mbaya, nisimseme vibaya. Alisema hawaoni kama mtoto anaelewa kitu, kwa hivyo nimtafutie shule maalum ya bweni, na iwe kabla ya kufungua tena.

Nilipomwambia mama Zuhura hakulia. Alianza kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Baadaye akauliza, "Huko bweni akiumwa na tumbo, atamwambia nani?"

Nilichukua kitambaa nikaanza kuvipangusa.

Nilikaa nikafikiria. Chebet na Madam hawajawahi kuonana hata siku moja. Ni mimi nabeba maneno yao huku na huku, mengine yanamwagika njiani. Nikampigia Chebet, nikamuomba aje shuleni mwenyewe. Alikubali.

Wakuu, dakika za kwanza zilikuwa baridi. Walisalimiana kama watu wa kesi.

Kisha Madam akauchukua ule ubao, akausoma kwa sauti. "Chakula. Maji. Choo. Kulala." Akauweka chini. "Hii ni ya hospitali, bana. Darasani mtoto haombi kulala. Anataka kusema 'amenichokoza'. Anataka kusema 'rudia, sijashika'. Anataka kusema 'mimi najua'."

Nikasema hapa sasa ni vita.

Chebet akatoa kalamu. "Ongeza," akasema. "Hayo yote sikuwa nayo."

Hapo ndipo baridi ilianza kuisha.

Akaomba kukaa nyuma asikilize somo. Walipotoka akamwambia Madam, "Si lazima usimame umngoje. Muulize yeye kwanza, nenda kwa wengine wawili, halafu urudi kwake. Atakuwa ameshapanga jibu."

Madam akafikiria. "Hiyo naweza," akasema. "Hiyo hainipotezei wakati."

Chebet alipoleta ubao mpya, wenye maneno ya Madam na namba chini, alinialika nishuhudie. Nilisimama karibu na mlango.

Lilikuwa somo la hesabu. Wengine walikuwa wanajumlisha, na Zuhura akapewa karatasi ya kupaka rangi, kama kawaida yake.

Akasukuma zile rangi mpaka zikaanguka. Akaweka kidole kwa "sitaki". Kidole kikazunguka, kikatua kwa "mimi najua".

Watoto wote wakageuka kumtazama.

"Unajua nini, Zuhula?" Madam akauliza. (Huku kwetu r na l hazigombani.)

Zuhura akatazama hesabu iliyokuwa ukutani. Madam akauliza wengine wawili, akarudi kwake. Kidole kilikuwa kimeshafika kwa namba. Na ilikuwa ile yenyewe.

Madam hakupiga makofi. Aliziokota zile rangi, akaziweka kabatini, akamletea kitabu cha hesabu. Jioni hiyo alienda ofisini yeye mwenyewe, akamwambia mwalimu mkuu, "Huyu haendi popote. Huyu ni wangu."

Msidhani sasa mambo ni laini. Kuna siku mkono unachoka, anautupa ubao anakasirika. Kuna hesabu anakosa kabisa. Na bado haongei kwa mdomo, labda hataongea. Lakini siku hizi Madam na Chebet wanapigiana simu bila mimi. Nimefutwa kazi ya kubeba ujumbe, na sijasikitika.

Wiki iliyopita Madam akanipigia. "Baba Zuhula, kuja shule. Saa hii."

Niliacha geti la mtu nusu, nikakimbia. Njiani nilijua tu, ni ile stori ya bweni imerudi.

Nikakuta Zuhura na jirani yake wa dawati, Nekesa, wamesimamishwa nje ya darasa, vichwa chini.

"Hawa wawili hawanyamazi!" Madam akasema. "Nafundisha, wao wanaonyeshana mapicha chini ya dawati wanacheka. Nimechoka. Mwambie mtoto wako aache kupiga stori kwa darasa langu."

Nikamgeukia Zuhura. Nikajaribu kukunja uso kama mzazi. Ilibidi nigeukie ukuta kwanza.

Nilichojifunza: kama mtoto wako anaonwa na mtaalamu na pia ana mwalimu, usiwe daraja kati yao. Wakutanishe, waketi pamoja, wewe utoke katikati.

Kama uko na mtoto wa aina hii, au wewe ni mwalimu unaye darasani, tuambie kwako mnafanyaje. Na wale wenye watoto wanaopiga kelele shuleni, mnipe mbinu za kuwanyamazisha. Hiyo ni shida mpya kwangu.