Mtandio Ndani ya Chupa

Mzee wa maabara yetu hagusi formalini kabla ya kuvaa glavu na kufungua madirisha yote, hata mvua ikinyesha. "Dawa hii huzuia nyama isioze. Usipoiheshimu, itakukausha ungali hai," hutuambia huku akimimina taratibu, uso kaugeuza kando, vidole vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Pua yake ilikufa zamani. Maziwa yakiungua jikoni, sisi ndio tunaomwambia.

Jana, wiki chache baada ya kumzika mkewe, aliniita stoo akanikabidhi chupa ya kuhifadhia vielelezo vya wanyama, ile yenye kifuniko kinachobana kuliko zote. Ndani mlikuwa na mtandio wa marehemu. "Nimeifungia humu harufu yake isipotee. Hebu ninusie, mwanangu. Bado ipo?" Nikafungua. Chupa aliiosha, lakini mpira wa kifuniko ulikuwa umeinywa formalini miaka na miaka. Ilinichoma macho, machozi yakanibubujika. Mzee aliyatazama machozi yangu, kisha akatikisa kichwa polepole kukubali. "Basi ipo," akasema, akakikaza kifuniko kwa mikono miwili.