Siku Ofisi Yetu Ilipopita Barabara Kuu

Noelene Hartigan alikuwa mhariri msimamizi wa jarida letu la kitaaluma la majengo na makazi, kule Ipswich, Queensland. Makala za wasomi kuhusu paa, kuta na mitaa zilipita mikononi mwake kabla ya kuchapishwa, na kazini hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Tulikuwa watatu: yeye, Profesa Ruta Kazlauskas aliyekuwa mhariri mkuu, na mimi wa picha na michoro. Ofisi yetu ilikuwa nyumba kuukuu ya mbao juu ya nguzo, nyuma ya chuo.

Chuo kikataka pale pawe mahali pa kuegesha magari. Sisi tukapewa chumba cha zege kisicho na dirisha. Nyumba ingebomolewa, ila akitokea wa kuihamisha, aichukue bure.

Noelene alikuwa na kiwanja cha marehemu mama yake huko katika mji mdogo wa Laidley, kimejaa majani tu. "Naichukua mimi," akasema.

"Utaibeba na nini, shoga?" Profesa akauliza.

"Kwa lori, Ruta. Makala zote zile za kuhamisha nyumba tumezichapisha. Sasa tuone kama waandishi walikuwa wanatudanganya."

Siku ilipofika, nyumba ilikuwa imekaa juu ya tela, mapazia yakipepea. Noelene akaanza kupanda barazani. Dereva, jamaa mnene aitwaye Kev, akamzuia.

"Shuka, mama. Kibali nilichonacho ni cha nyumba. Chako sina."

Basi tukafuata nyuma kwa gari dogo la Noelene, yeye akiendesha. Nyumba ilitembea mwendo wa bibi harusi, watu wakitoka madukani kuipungia. Matawi ya jakaranda yakafagia paa, maua yakatumwagikia kiooni. Profesa akaangua kicheko, nikadakia, na Noelene naye akacheka hadi machozi yakamziba macho, ikabidi asimamishe gari kando ya barabara.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Dokta Farquhar, mwandishi mmoja msumbufu.

"Nimekuja kuulizia makala yangu. Mbona ofisi yenu siioni?"

"Imetoka kidogo," Noelene akamjibu.

"Nani katoka?"

"Ofisi. Ndiyo ile inakata kona kwenye kituo cha mafuta."

"Na makala yangu je?"

"Imekubaliwa, Dokta. Punguza maneno tu." Tangu nimjue, hakuwahi kumpa mwandishi jibu la makala kwa simu.

Alasiri Kev akaishusha nyumba juu ya nguzo mpya. Mlango wa jikoni, uliokuwa haufungi miaka yote, ukafungika sawasawa, kisha ukagoma kufunguka. Noelene, aliyekuwa ndani akikaanga soseji, ikabidi atokee dirishani, miguu kwanza, sahani mkononi, Profesa akimvuta kutoka nje.

Chumba cha zege tukakijaza matoleo ya zamani. Kazi yenyewe tuliifanyia Laidley, na chuoni hakuna aliyeuliza tuko wapi.