Chupa za Edeltraud Noack

Edeltraud Noack alikuwa na miaka themanini na minne, na macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga wa kutofautisha dirisha na ukuta tu. Mimi ni jirani yake, na sioni aibu kusema kwamba namwogopa kidogo, kama mtu anavyomwogopa mwalimu wake wa zamani. Ujanani alivuna matango misimu ishirini na miwili, amelala kifudifudi juu ya bawa refu lililofungwa kwenye trekta, mikono ikining'inia hadi kwenye majani. Jioni, sisi wengine tukishajitupa kitandani, yeye alikuwa bado anachemsha chupa. Hapa Spreewald, mashariki mwa Ujerumani, kila mtu anaweka matango kwenye siki. Yeye aliweka kila kitu: plamu, cheri, maboga, maharage mabichi, na kabichi chachu kwenye mtungi wenye jiwe juu.

Basi Agosti iliyopita binti yake, Heike, akaja kutoka jiji la Leipzig na sanduku tupu la nguo. Tupu kabisa! Nilipoliona mlangoni nikajua limekuja kumchukua nani.

"Mama, huoni," Heike alisema. "Maharage yakiharibika utajuaje? Utakula sumu siku moja, mimi nipigiwe simu niko kazini. Twende tukaishi wote."

"Kwenye lile ghorofa lako? Stoo yako iko wapi?"

"Kuna duka hapo chini, Mama."

"Duka!" alisema Edeltraud, nami nikacheka mpaka Heike akanikazia macho.

"Haya, sikiliza," mama mtu akaendelea. "Shuka stoo. Nyanyua chupa zote, moja moja. Ikikufungukia hata moja, sanduku hilo nalibeba mwenyewe. Zikishika zote, nabaki hapa, na habari hizo usinitajie tena."

Mtihani huo kwetu hauhitaji maelezo. Chupa ikishapoa, vibanio vilivyokibana kifuniko wakati wa kuchemsha vinaondolewa, na kifuniko cha kioo kinabaki kimejishika chenyewe juu ya pete yake ya mpira. Ukinyanyua kwa kifuniko peke yake, iliyo nzima inakuja yote. Iliyoharibika inakuachia kifuniko mkononi. Ndiyo maana anayeacha vibanio kwa woga huwa anaificha iliyooza.

Tukashuka. Edeltraud akakaa kwenye ngazi, mikono magotini. Heike akaanza na rafu ya juu, kidole gumba upande huu na vidole vingine upande ule, beseni chini kama kinga. Cheri zikaja. Maboga yakaja. Kwenye maharage alilisogeza beseni karibu zaidi, na mimi nikajikuta nimebana pumzi, mtu mzima mzima. Yakaja yote, rafu nzima, kioo kikining'inia hewani bila kushikwa na kitu unachoweza kukiona. Nimeishi miaka sitini na vitu hivi na siku ile ndiyo kwanza nilivistaajabia.

"Umewezaje bila macho?" Heike akauliza, sauti imeshuka.

"Mpira una ulimi unaotokeza nje. Ukilala chini, imeshika. Naupapasa kila asubuhi, chupa zote."

Zote! Kila asubuhi! Nilimtazama mwanamke yule mdogo kwenye ngazi na nywele zikanisimama.

Zilikuwa mia moja na thelathini na saba, na zote zilishika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kushangilia wakati Heike alipouvuta mtungi wa kabichi, akakuta nyingine sakafuni nyuma yake. Plamu. Ilikuwa na vibanio vyake viwili.

Akavitoa. Kifuniko kikamjia mkononi bila ubishi, na harufu ikatufikia hadi kwenye ngazi.

Edeltraud alitafuta ukuta kwa kiganja, akasimama. "Ahadi ni ahadi," alisema, kisha akanigeukia mimi. "Gerda, niletee koti langu la kijivu."

Koti! Nilijua mwanamke huyu hajawahi kuacha kibanio juu ya chupa maishani mwake. Nikamnyang'anya Heike ile chupa, nikaigeuza, nikamwekea karatasi iliyobandikwa juu yake chini ya pua. "Soma! Huu mwandiko wa nani?"

Heike akasoma. Mwandiko wake mwenyewe: plamu, Septemba ya mwaka uliotangulia, zile siku mbili alizokuja kumsaidia mama yake. Uso wake ukawa mwekundu, kisha mweupe.

"Niliogopa itafunguka," alisema. "Mama, ulijua?"

"Tangu Krismasi. Ulimi ulikuwa juu."

"Na ulikuwa tayari kuondoka nami bila kusema! Kwa nini hukuitupa tu?"

"Ndiyo pekee uliyoniwekea wewe," Edeltraud alisema. "Sina nyingine."

Heike akakaa palepale sakafuni akalia, na mimi nililia pia, sikuona sababu ya kumwachia peke yake.

Koti sikulileta, na sanduku likabaki tupu mlangoni. Mchana ule walichemsha plamu za kwanza za msimu, chupa sita. Asubuhi nilipokuja kuchungulia, zilikuwa zimepoa mezani, na Heike amesimama mbele yake amekunja mikono.

"Toa vibanio," mama yake akamwambia.

"Na ikifunguka?"

"Ikifunguka, tutajua."

Akatoa. Akashika kifuniko cha ya kwanza, akafumba macho apapase kama mama yake, akanyanyua. Ikaja yote.