Ufunguo Haulali kwenye Kufuli

Kabla pamba haijaachiwa wafanyabiashara binafsi, mzee Mayala alikuwa mtunza stoo wa ginari ya kuchambulia pamba. Ginari ilipofungwa akaanzisha kiwanda kidogo cha uchapaji pale Mkuyuni, akaja na sheria yake ya stoo: ufunguo haulali kwenye kufuli.

Sasa kompyuta ya kupangia kurasa ilikuja na kidude cha plastiki, ukubwa wa kiberiti, cha kuchomekwa nyuma yake. Bila hicho programu haifunguki ng'o. Walioiuza waliogopa isije ikanakiliwa. Mzee akasema huo nao ni ufunguo. Akamkabidhi mpiga chapa wake Aloo, binti wa Shirati: achomoe kila jioni, aende nacho kwake Mkolani, arudi nacho asubuhi.

"Ukiuharibu, mwanangu, tafuta kazi pengine."

Lakini wapi! Kitu hakikutengenezwa kuchomolewa kila siku. Mwaka 1996 kikalegea, kikawa kinasomeka tu kikibanwa kwa kidole gumba. Wadogo wawili wa Aloo walikuwa wanasoma kwa kazi hiyo hiyo.

Mzee alipokwenda kuzika Magu, Aloo akamwita Nkwabi, fundi redio wa jirani aliyejifundisha kompyuta.

"Programu inauliza, kidude kinajibu," Nkwabi akasema. "Nitayanasa maswali na majibu yake, niandike programu ndogo ya kujibu badala yake. Hukuwahi kumwitikia mtoro jina darasani?"

"Wee, acha utani, fanya!"

Aloo akakibana kidude toka asubuhi mpaka saa tisa, kidole kikafa ganzi. Kisha Nkwabi akamwambia achomoe. Akachomoa, na programu ikafunguka vilevile. "Jamani!" Aloo akacheka mpaka machozi.

"Mwambie mzee," Nkwabi akashauri.

Thubutu! Kila asubuhi Aloo akaendelea kuchomeka kitu ambacho programu haikukihitaji tena, na kila jioni akakichomoa mbele ya mzee, naye akiangalia kwa kuridhika.

Mwaka uliofuata mama yake akafariki. Aloo akakimbilia basi la kwanza la kwenda kwao Shirati, kidude kikiwa mkobani kama kawaida. Siku ya nane mzee Mayala akafika Shirati, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

Walipokaa, Aloo akauliza kama ile mitihani ya shule aliyoiacha ikisubiri imeshachapwa.

"Wenye shule wameipeleka kwingine. Hawakuweza kusubiri."

"Kwa nini isichapwe?"

"Ufunguo si ulikuwa nao wewe? Hata kompyuta sikuiwasha."

"Si ungemtuma mtu aje kuuchukua?"

Mzee akamtazama kwa mshangao. "Nitume mtu msibani kudai ufunguo? Mimi si mnyama, Aloo."

Aloo akaingiza mkono mkobani, akakishika kile kidude. Akaangua kilio. Wanawake wakamzunguka, wakamwambia anyamaze, mama amekwishapumzika.