Punje Aliyoirudisha Kahigi

Nani amemtupia mbwa huyo mfupa wa kuku? Uondoe! Uondoe sasa hivi! Mfupa wa kuku ukishapikwa hukatika vipande vyenye ncha, unamchoma mbwa kooni, halafu mnaanza kusema amerogwa. Enzi za tata usingethubutu. Tata, baba yangu, alikuwa Kahigi wa Ihembe. Wanaomkumbuka humtaja kwa mawindo tu, na mimi Kokushubira, binti yake, jambo hilo linanikera mpaka leo.

Tata alikuwa mganga wa mbwa. Msicheke. Watu walicheka hata wakati ule, miaka ya kabla ya vita ya Hitler, lakini mbwa wao wakiugua walifunga safari. Wengine walitoka Rubwera huko, siku mbili kwa miguu, mbwa amebebwa ndani ya tenga. Tata aling'oa kupe mmoja mmoja kwa vidole na kuwatupa kwenye makaa. Aliosha vidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Mwenye minyoo alimsagia mbegu za maboga. Kisha alimgeukia mwenye mbwa, na hapo ndipo maneno yalipokuwa makali: "Unampa nini huyu? Pombe ya ndizi? Wewe ndiye mgonjwa, siyo yeye!"

Nyumbani mbwa wetu walikula ndizi zilizopondwa zikapoa, zimelowekwa kwenye mchuzi wa nyama usio na chumvi. Ini walipewa siku ya mawindo. Mama alinung'unika kwamba mbwa wanakula vizuri kuliko wakwe zake. Na kweli walikula vizuri.

Kati ya mbwa wote, tata alimpenda Rutale. Alikuwa mwekundu, kifua kipana, kengele yake ya chuma shingoni. Kwetu, mwenye mbwa anayetangulia kumfikia mnyama ndiye hushika pembe ya mawindo. Akiipuliza, wanaume wote wa mlima wetu wanamfuata. Tata aliishika pembe ile miaka minne mfululizo kwa sababu ya Rutale. Wenye wivu hawakosekani, kwa hiyo alimfundisha asipokee chakula mkononi mwa mtu yeyote ila sisi watatu wa nyumbani, na mtu mmoja wa nje. Huyo wa nje alikuwa Melkiory.

Melkiory alikuwa ndugu yake wa kuchanjiana. Mnajua ilivyokuwa? Watu wawili wanapasua tunda moja la kahawa, wanachanja kitovuni, kila mmoja anapaka punje yake damu, wanabadilishana na kumeza. Baada ya hapo huwezi kumdhuru mwenzako, wala kumshtaki mbele za watu. Tata alipougua homa miezi miwili, Melkiory ndiye aliyekuja kila asubuhi kumlisha Rutale. Ndivyo mkono wake ulivyozoeleka. Tata alimpa mtoto wa kwanza wa Rutale, bure, kwa moyo mweupe. Na alimwambia jambo ambalo hakumwambia mwingine, maana aliogopa wabaya wasije wakajua: kwamba kahawa tunayotafuna sisi na wageni wetu kwa furaha, kwa mbwa ni sumu. Jike lake moja liliwahi kula kikapu kidogo cha kahawa, likafa kabla ya mchana.

Sasa mwaka huo chui alikuwa akimaliza mbuzi wa Ihembe. Mawindo makubwa yakapangwa. Asubuhi ya siku moja kabla, natoka kufagia, namwona Rutale anazunguka uani haachi, anahema, ulimi nje. Nikamwita tata. Alipoweka mkono kifuani mwa mbwa, uso wake ukabadilika. "Moyo unakimbia," alisema. Tukamnywesha maji. Akatapika. Ilikuwa ndizi na mafuta ya ng'ombe, na ndani yake uji mzito mweusi.

"Kokushubira, njoo unuse hapa."

Nilinusa. Kahawa iliyotwangwa! Yesu na Maria, hata sasa nikiisikia harufu ile napandwa na hasira. Rutale alianza kutetemeka, miguu ikakakamaa, tata amemshika kichwa anamwita kwa jina. Jua halijafika kwenye vichwa vya migomba, mbwa amekwisha.

Hakuna aliyeuliza nani. Nje ya sisi watatu, Rutale alipokea chakula kwa mkono mmoja tu.

"Nenda kwa wazee, useme," mama alimwambia akilia.

"Niseme nini? Damu yangu imo tumboni mwake."

Kesho yake mbwa wa Melkiory, yule mtoto wa Rutale, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia chui. Melkiory akapewa pembe. Na unajua alifanya nini, mtu yule? Aliipuliza akipita mbele ya uzio wetu! Tata alikuwa ameketi anafuta kengele ya Rutale kwa kitambaa. Aliendelea kufuta. Mimi nilitaka kutoka na mwiko, mama akanivuta nguo.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja, baada ya misa, ua umejaa watu, Melkiory akaingia amembeba mbwa wake. Mbwa anatokwa udenda, hawezi kumeza. Mfupa wa kuku! Nilimtazama tata, nikaomba moyoni amfukuze. Ndiyo, niliomba, na sioni haya. Tata alimpakata mbwa magotini, akampanua taya kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, akaingiza vidole viwili, akautoa mfupa taratibu. Akamfuta damu. "Uji wa ulezi, uliopoa, siku tatu," alisema. "Usimpe kingine."

Watu wakapiga vigelegele. Melkiory, machozi yanamtoka, akafungua mfuko wake wa ngozi na kumpa tata punje ya kahawa ya kutafuna, kama mtu anavyomshukuru ndugu yake. Kwetu kuikataa punje hiyo ni kumtemea mtu usoni.

Tata aliipokea. Akaitazama.

"Nilikuambia wewe peke yako," alisema.

Melkiory akapiga magoti. "Kahigi, nilidhani ataugua tu. Siku ya mawindo tu, basi. Haki ya Mungu sikutaka afe."

"Nilikuambia inaua."

Tata akaushika mkono wake, akaufungua vidole kimoja kimoja kama alivyomfungua mbwa mdomo, akairudisha punje ile kiganjani.

"Chukua ya kwako, Melkiory. Yangu ile uliyonipa siku tulipochanjiana nimeshindwa kuitapika. Rutale aliitapika yake, na haikumsaidia."

Kisha akamwinua mbwa, akamkabidhi mwenyewe, akarudi kwenye kigoda chake. Aliishi miaka kumi na minane baada ya hapo. Wageni walikuja, kahawa ikapitishwa kwenye kikapu, na kila mara alikipokea bila kuchukua kitu, akampa aliyefuata. Sikumwona tena akitafuna hata punje moja.